Namna ya Kuiopoa Aya ya Kiingereza Iliyozama Ziwani

Aya yenyewe ni hii. Isome yote kwanza, na usicheke, maana aliyeiandika anatafuta kazi.

"Refer to the heading above. Me I am a hardworking youth and I humbly beg for the job of store clerk in your esteemed company. Since 2021 I am working in the Lake Victoria whereby I was dealing with flesh fish, equipments and informations. My boss she knows me very well and he can give you advices about me."

Barua za namna hii nimezisahihisha miaka mingi, darasani kwanza, na sasa kwenye steshenari moja pale Makoroboi, katikati ya Jiji la Mwanza, kando ya mashine ya fotokopi isiyonyamaza. Kijana anaingia, karatasi imekunjwa mara nne mfukoni. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." "Naomba uniangalizie Kiingereza, kina shida kidogo." Aya hii si ya mmoja wao. Nimeiokoteza humu na humu katika barua nyingi ili asiaibike mtu, lakini hakuna kosa hata moja ndani yake ambalo sijalikuta kwenye karatasi halisi. Na kila kosa lina sababu. Kosa lenye sababu linatibika.

Dawa ya kwanza ni kuweka kalamu chini. Mwambie mwenye barua: "Achana na karatasi. Niambie kwa Kiswahili, ulikuwa unafanya kazi gani?" Atakujibu bila kusita:

"Nilikuwa napima sangara kule Kayenze. Boti ikiingia, natundika kreti kwenye mizani, naandika kilo kwenye kaunta buku, na jina la boti pembeni. Aliye chini ya sentimita hamsini simpokei, sheria hairuhusu. Jioni nakaa na dereva wa gari la barafu tunalinganisha hesabu. Ikipishana hata kilo mbili, hatuondoki."

Sasa rudi kwenye aya uitafute hiyo mizani. Haimo. Kaunta buku haimo. Dereva wa gari la barafu hayumo. Wote wamemezwa na maneno mawili, "dealing with", ambayo hapa kwetu yameshakuwa kama gunia: unatupia humo kila kitu, unafunga kamba, na anayepokea hajui kama ni mkaa au dagaa. Kijana anayeweza kumkataa sangara mfupi mbele ya mwenye boti aliyekesha ziwani ni karani wa stoo tayari, ila aya yake haimwambii mwajiri hivyo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na mwalimu wa sarufi hawezi kulipigia mstari mwekundu kwa sababu "dealing with" ni Kiingereza safi kabisa. Kwa hiyo kabla hujagusa sarufi, yaandike yale maneno ya Kayenze kwa Kiswahili, ukurasa wa nyuma. Hayo ndiyo utakayoyatafutia Kiingereza.

Sentensi ya kwanza ifute yote. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" ni desturi ya barua zetu za kiofisi na katika Kiswahili ina heshima yake, inapiga hodi kabla ya kuingia. Ukiihamishia kwenye Kiingereza haipigi hodi tena. Msomaji ameshakiona kichwa cha habari, kimeandikwa kwa herufi kubwa na kimepigiwa mstari, na wewe unamwambia akitazame.

Tukifika kwenye "beg" inabidi tukae kitako, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wanapoumia bila kujua. Katika Kiswahili tunaomba kila kitu kwa kitenzi kimoja. Tunaomba maji, tunaomba chumvi mezani, tunaomba radhi, tunaomba dua, tunaomba uchumba, tunaomba kazi. Asiyesema "naomba" dukani tunamwona hana adabu. Na anayekaa mlangoni pa msikiti na kikombe chake pia ni omba omba, kitenzi kile kile, wala hakuna anayechanganyikiwa. Mwingereza ameugawa mzigo huo kwa watu wengi. Chumvi anai-"ask for", kibali anaki-"request", Mungu anam-"pray to", kazi anai-"apply for". Mwenye kikombe mlangoni ndiye aliyepewa "beg". Basi kijana aliyeanza na adabu ya nyumbani kwao anafika kwenye meza ya mwajiri akiwa ameketi chini, mkono ameunyoosha. Kisha anaongeza "humbly", akidhani amezidisha heshima, kumbe amejishusha tena.

Andika "I am applying for". Inatosha, na haina kiburi. Heshima ya barua ya Kiingereza ina mahali pake maalumu: "Dear Sir or Madam" juu na "Yours faithfully" chini, kama jina la unayemwandikia hulijui. Ukilijua jina lake, malizia na "Yours sincerely". Hapo katikati Mwingereza anategemea uzungumzie kazi. "Esteemed company" nayo iondoke, na "hardworking" iondoke nayo. Hakuna mwombaji aliyewahi kuandika kwamba yeye ni mvivu, kwa hiyo neno hilo halimtenganishi mtu na mwenzake. Kinachomtenganisha ni zile kilo mbili za jioni.

Sasa "Me I am" na "My boss she knows". Hapa Kiswahili kinaongea chini ya Kiingereza, unakisikia kabisa. Kwetu kitenzi kwa kawaida hakitoki nyumbani bila kiambishi: bosi wangu *a*nanifahamu, samaki *wa*meoza, mvua *i*nanyesha. Ile "a" si hiari. Kijana anaitafutia mahali kwenye Kiingereza, anakuta "she", anaipachika. Lakini kitenzi cha Kiingereza kikishaona mtenda mbele yake kinaridhika. Jaribio lake ni rahisi: funika "she" kwa kidole gumba, usome kinachobaki. "My boss knows." Sentensi bado ina mwenyewe? Basi ulichofunika kilikuwa cha ziada. Fanya hivyo hivyo kwa "Me".

Na hapo hapo mtazame huyo bosi. Kwenye neno la tatu ni mwanamke, kwenye neno la tisa ameshakuwa mwanamume, na nukta bado hatujaifikia. Si uzembe. "Yeye" yetu haiulizi jinsia, kwa hiyo tangu utotoni mtu hajawahi kulazimika kuikumbuka anapotaja mtu wa pili. Kwenye Kiingereza lazima aikumbuke. Mfikirie bosi wako kwa sura, mwone amesimama pale kwenye mizani, ndipo uandike.

"In the Lake Victoria" ina makosa mawili, na yote mawili nayapenda kwa sababu ni ya kwetu hasa.

La kwanza ni "in". Neno "ziwani" ni pana kama ziwa lenyewe. Aliye kwenye boti yuko ziwani, anayeoga yuko ziwani, na mama anayeanika dagaa juu ya nyavu pale ufukweni ukimpigia simu atakwambia yuko ziwani. Ile "-ni" moja imewabeba wote. Kiingereza kinataka kujua mwili wako uko wapi. "In the lake" ni ndani ya maji, pamoja na kambare na kamongo. "On the lake" ni juu ya maji, chini yako kuna mbao. "By the lake" ni pembeni, miguu mikavu. Kijana aliyeandika kwamba tangu 2021 anafanya kazi "in the lake" amemwambia mwajiri kwamba yumo majini miaka yote hiyo. Mizani ya Kayenze iko mwaloni, nchi kavu, na mwalo kwa lugha ya idara za uvuvi ni "landing site". Andika "at the Kayenze landing site". Mwajiri wa biashara ya samaki akiliona jina la mwalo anajua papo hapo anazungumza na mtu wa aina gani.

La pili ni "the". Mwezi Agosti 1858 John Hanning Speke alifika upande huu wa Mwanza, akayaona maji ambayo wenyeji walishayaita Nyanza, akayapa jina la malkia wake. Jina la ziwa kwa Kiingereza likianza na "Lake" halivai "the": Lake Victoria, Lake Tanganyika, Lake Nyasa. Mto unavaa: the Nile, the Kagera. Ukishalitaja ziwa mara moja na unalirudia bila jina, hapo linavaa: "the lake". Kanuni za majina ni za kukariri, hazina njia ya mkato.

Ila "a" na "the" katika maneno ya kawaida zina siri ambayo sikuambiwa shuleni, na ningeambiwa ningeokoa miaka. Tunaambiwa Kiswahili hakina kitu kama hicho. Sikiliza vizuri. "Nimeona boti." "Nimeiona boti." Ya kwanza ni boti yoyote, habari mpya. Ya pili ni ile boti, tuliyokuwa tukiizungumzia tangu asubuhi, wewe na mimi tunaijua. Ile "i" iliyoingia tumboni mwa kitenzi inafanya karibu kazi ile ile ya "the". Kwa hiyo ukikwama kati ya "a" na "the", isemee sentensi yako kwa Kiswahili. Ulimi wako ukitaka kusema "nimeiona", jaribu "the" kwanza. Ukisema "nimeona" tu na ni kitu kimoja, jaribu "a". Haitakupatia jibu kila mara, lakini itakupatia mara nyingi kuliko kubahatisha, na utakuwa umeitumia lugha yako kama chombo badala ya kuionea haya.

"Since 2021 I am working" ni tafsiri ya neno kwa neno ya "tangu 2021 nafanya kazi", na Kiswahili chake hakina doa. Kiingereza kwenye "since" kinauliza: bado upo, au uliondoka? Muulize kijana. "Niliondoka 2024." Basi ni "from 2021 to 2024 I worked", na vitenzi vyote vinavyofuata virudi nyuma pamoja: "weighed", "recorded", "checked". Angekuwa bado yupo ingekuwa "I have worked there since 2021". Usiandike neno lolote kabla hujalijibu swali hilo, kwa sababu "I am working" ikifuatwa na "I was dealing" inamwacha msomaji hajui kama anaajiri mtu aliye kazini au aliyeacha.

"Whereby" ni ile "ambapo" yetu iliyovaa suti. Mahali pengi weka "where", au kata sentensi uanze nyingine.

"Flesh fish" inatokana na ulimi. Lugha kadhaa za ukanda huu wa ziwa hazitenganishi "r" na "l", na masikio yaliyokulia humo hayana sababu ya kuzitenganisha. "Flesh" ni nyama ya mwili, "fresh" ni mbichi. Kwenye kibao cha mgahawa kosa hilo ni la kuchekesha, lakini kwenye karatasi za biashara ya samaki linaweza kuleta hasara. Minofu ya sangara inayotoka viwanda vya Mwanza huenda nje ikiwa imepoozwa kwa barafu na kupandishwa ndege, au imegandishwa na kwenda kwa meli, na karatasi zake hutenganisha "fresh" na "frozen" kwa sababu ni bidhaa mbili. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia, kilichotakiwa kurudisha imani ya wanunuzi kilikuwa ukaguzi na maandishi: samaki huyu ametoka wapi, amepimwa na nani, lini. Karani wa stoo anaandika sehemu ya maandishi hayo. Ndiyo maana naijali hii "r" moja.

Na zile "equipments", "informations", "advices"? Walimu wengi hutoa orodha ya kukariri. Mimi nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu soko la samaki la Kirumba, kwa mawazo tu kama mvua inanyesha. Pale sokoni sangara anahesabiwa: mmoja, wawili, kumi. Dagaa hahesabiwi. Dagaa anapimwa kwa sado, kwa ndoo, kwa gunia, na anayesema "nipe dagaa mia nne" ataangaliwa mara mbili. Mwingereza naye ana maneno ya sangara na maneno ya dagaa. "Boat" ni sangara: one boat, two boats. "Information", "equipment", "advice", "luggage" na "furniture" ni dagaa. Hayavai "s" kamwe. Ukitaka kuyapima, tafuta ndoo yake: "a piece of information", "some equipment". "Fish" yenyewe inakwenda kama samaki wetu, umbo ni moja awe mmoja au elfu. Na katika aya hii "advice" isingefaa hata bila "s", kwa sababu bosi hatoi ushauri kuhusu mtu, anathibitisha kazi yake.

Kuhusu maneno makubwa sitakaa sana. George Orwell aliandika insha mwaka 1946 akiwasihi Waingereza wenyewe wasitumie neno refu pale fupi linapotosha, kwa hiyo ugonjwa huu si wetu peke yetu. "Use" inashinda "utilize". "Start" inashinda "commence". Siku hizi simu inaweza kukuandikia barua nzima yenye maneno yanayong'aa, na nimewaona vijana wakija na barua tatu za watu watatu zinazofanana kama mapacha. Siwakatazi kutumia simu. Nawaambia wasipeleke neno wasiloweza kulieleza kwa mdomo, maana kwenye usaili mtu atalinyooshea kidole na kuuliza, "Hili ulikuwa na maana gani?"

Nilisema usicheke, na nilimaanisha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Tume ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, na serikali haikukubali. Miaka miwili baadaye wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta wengi mno hawawezi kujifunza kwa lugha hiyo. Kijana anayeandika "Me I am" amepitia mlango huo huo. Wanaomcheka ofisini nao wengi wamepitia humo, na wamesahau.

Kuna mzee mmoja wa ng'ambo ya pili ya maji haya niliyekuwa nikimtaja darasani kila muhula. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kubwa mwaka 1945, kwa Kikerewe. Haikupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 ikatoka Dar es Salaam kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Kiingereza chake kamili kilikuja 2002, kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe. Kwa Kitereza jambo zima lilikuwepo kwanza katika lugha aliyoijua kuliko zote, na lugha nyingine zikalifuata. Barua ya kuomba kazi ni kitu kidogo sana mbele ya kitabu kile, lakini inaweza kupita njia hiyo hiyo: ukurasa wa nyuma Kiswahili cha Kayenze, ukurasa wa mbele hiki hapa:

"I am applying for the job of store clerk. From 2021 to 2024 I worked at the Kayenze landing site in Mwanza. I weighed Nile perch, wrote down the kilos for each boat and rejected any fish shorter than 50 centimetres. Every evening I checked my figures with the driver of the ice truck. My supervisor knows my work and can confirm this."

Hakuna neno gumu humo hata moja, na mizani imerudi. Isome kwa sauti mara mbili, ya pili polepole. Pale ulimi unapojikwaa ndipo pa kurekebisha. Mpe na mtu mwingine aisome mbele yako, usimweleze chochote, kisha muulize kazi uliyokuwa unafanya ni ipi. Akijibu "kupima samaki", tia sahihi.

Kisha hesabu tarakimu za namba yako ya simu pale juu ya barua. Ziwe kumi. Nimeshasahihisha barua iliyonyooka kila neno, na namba ya mwenyewe ilikuwa na tarakimu tisa.